Jua la Kware na Amana ya Maji



Mtu wa pwani akisikia jina la Kware, fikira zake humwendea yule ndege wa porini, akimbiaye kichakani kabla hajaruka. Nasi tulipoalikwa mara ya kwanza kwenda Kware, katika Kaunti ya Kajiado, ndivyo tulivyodhani, kwamba mahali pale pana kware wengi. Wenyeji walicheka, kisha wakatusahihisha kwa adabu. Jina hilo, walituambia, ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililolainishwa na ndimi za wapasuaji mawe hata likawa letu. Na kweli, tulipozungushwa tuliona mashimo kuliko ndege. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga yaliyotoka katika ardhi kama ile, na pale jiwe lilipotoka hubaki shimo.

Makala haya tunayaandika kulipa deni. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mwaka jana, katika ukurasa huu huu, tuliwaomba mchango wa maji kwa ajili ya madrasa moja ya Kware. Tulisema kwamba yuko kijana fundi atakayetengeneza injini ya kupandisha maji kwa joto la jua peke yake, bila mafuta wala umeme, na kwamba maji yatapatikana bila gharama. Mkachanga, Mwenyezi Mungu awalipe. Sasa ni haki yenu kujua fedha zenu zimekwenda wapi, na ni wajibu wetu kukiri kwamba baadhi ya tuliyoyasema, tuliyasema kabla hatujayapima.

Shimo lililo nyuma ya madrasa

Madrasa yenyewe ni vyumba viwili, kimoja cha mawe na kingine cha mabati, na wanafunzi wake hawazidi sitini. Nyuma yake, mwendo wa hatua kama mia mbili, kuna shimo la machimbo yaliyoachwa zamani. Masika hujaa maji ya mvua. Kiangazi maji hushuka, yakatulia mita nane hivi chini ya ukingo, na njia ya kuyafikia ni vipande vya mwamba vilivyokatwa kama ngazi isiyo na mkono wa kushikia. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 iletwayo kwa mkokoteni wa punda. Lakini maji ya kutawadha, ya kufua, ya kuoshea vyumba na ya kunyweshea miche hutoka shimoni, na wanaoshuka kuyachota ni watoto.

Yuko binti wa miaka kumi aliyeteleza katika ngazi ile akavunjika mkono. Alhamdulillahi, aliangukia mwamba, hakuangukia maji. Mama yake alikuja kutusalimia siku ile ya kwanza, na baada ya salamu alisema neno ambalo hatukulisahau: "Sheikh, sisi hatuombi mabomba ya kifahari. Tunaomba mtoto asishuke mle." Tulipaswa kulifanya neno hilo kuwa kipimo cha kila tulichokitenda baadaye. Hatukufanya hivyo mara moja, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hatukuchimba kisima. Kajiado si Lamu wala Malindi, ambako babu zetu walichimba visima kando ya misikiti wakayakuta maji kwa ndoo na kamba. Kule bara maji ya ardhini aghlabu yako mbali, na visima vya mashine hushuka mita mia moja na zaidi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba, na gharama yake si ya madrasa ya vyumba viwili. Tena maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Kajiado yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na maji yakipita kiasi hicho kwa miaka mingi, meno ya watoto hutiwa madoa ya kahawia na mifupa huumia. Wala kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na floridi hubaki.

Basi likabaki shimo. Na kwa kuwa swali hili huulizwa, tulijibu pale pale: maji mengi ya mvua ambayo rangi, ladha na harufu yake havikubadilishwa na najisi yanafaa kwa udhu. Lakini tohara ya fiqhi si sawa na usafi wa daktari. Maji yale hayanyweki bila kutibiwa, na hilo tulilisisitiza kwa akina mama.

Kijana na mikebe yake

Fundi tuliyemtaja alisoma katika madrasa ile ile, na sasa anafanya kazi ya kuchomelea vyuma katika kibanda cha jua kali, njia ya Kitengela. Alitujia baada ya darsa la Alasiri akiwa na mfuko wa nailoni, akatoa mikebe miwili, kipande cha puto, waya uliopindwa na gurudumu la sidii kuukuu. Akawasha mshumaa chini ya mkebe, akangoja kidogo, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka, likaendelea kuzunguka lenyewe bila sauti. Watoto walipiga takbiri. Nasi, katika umri wetu huu wa miaka hamsini na kitu, tulikaribia kupiga nao.

"Hii inaitwa injini ya Stirling, Maalim," alisema. "Haichagui moto. Mshumaa, kuni, kinyesi cha ng'ombe, hata jua. Mradi upande mmoja uwe moto na mwingine uwe baridi."

Tuliporudi Mombasa tulitafuta habari za huyo Stirling. Robert Stirling alikuwa padri wa Kanisa la Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1790. Mwaka 1816, akiwa kijana wa miaka 25, alisajili uvumbuzi wake wa injini ya hewa moto. Zama hizo injini za mvuke zilikuwa zikipasuka mitungi yake na kuua wafanyakazi, na injini yake haikuwa na mvuke wa kupasuka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1818, injini yake ya kwanza ya kazi iliwekwa huko Ayrshire, na kazi iliyopewa ilikuwa kupandisha maji kutoka katika machimbo ya mawe. Tulilisoma jambo hilo mara mbili kuhakikisha hatukukosea. Miaka mia mbili iliyopita, mtu wa dini aliye mbali nasi kwa imani na kwa bahari alikabili shimo kama la Kware, akalikabili kwa hewa na moto.

Wala kukusanya jua si jambo geni kwa watu wetu. Katika karne ya kumi, Ibn Sahl wa Baghdad aliandika juu ya vioo vinavyounguza, na baada yake Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri, aliandika risala juu ya kioo cha mbonyeo kinachokusanya miale yote katika nukta moja. Mwaka 1206 al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mashine, na ndani yake mna vyombo vya kupandishia maji, mojawapo ikiwa ni pampu ya pistoni mbili. Naye John Ericsson, Mswidi aliyehamia Marekani, aliviunganisha vitu hivi mnamo 1872 kwa kutengeneza injini ya hewa moto inayoendeshwa na jua. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Frank Shuman aliweka safu za vioo virefu zilizochemsha maji, na mvuke wake ukaendesha pampu iliyonyanyua maji ya Mto Nile zaidi ya lita 20,000 kwa dakika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka mwaka uliofuata, na mradi ukafa.

Tuliyasoma hayo yote, kifua kikajaa, tukachukua kalamu tukawaandikia nyinyi. Hilo ndilo kosa. Tulisoma historia ya injini, lakini hatukusoma kwa nini injini hiyo haikuenea.

Namna inavyofanya kazi

Hewa ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa. Siri yote ni hiyo. Fikirini silinda iliyofungwa, upande mmoja moto na wa pili baridi. Ndani yake mna pistoni kubwa nyepesi isiyobana kuta, ambayo kazi yake ni kuihamisha hewa tu. Ikisogea upande wa baridi, hewa hupita ubavuni mwake ikakimbilia upande wa moto, na ikisogea upande wa moto, hewa hurudi kwenye baridi. Hewa iliyopata joto hutanuka na kuisukuma pistoni ya pili, ndogo, iliyobana barabara. Hewa iliyopoa husinyaa na kuivuta pistoni hiyo irudi. Pistoni hizo mbili zimefungwa kwenye mhimili mmoja wenye gurudumu zito, ile ya kuhamisha hewa ikitangulia kwa robo ya mzunguko. Gurudumu likishapata mwendo, huzibeba pistoni pale nguvu inapopungua.

Injini hii haina plagi, kabureta wala vali. Hewa ni ile ile tangu asubuhi hadi jioni. Na padri Stirling aliongeza jambo la werevu. Katika njia ya hewa aliweka kitu cha kuhifadhi joto, ambacho leo fundi anaweza kukitengeneza kwa stilwuli ya kusugulia sufuria. Hewa ya moto ikipita kwenda kupoa, huacha joto lake humo, na ikirudi hulichukua tena. Bila hicho, sehemu kubwa ya joto hupotea bure.

Kwa jua, kijana alipanga hivi: dishi kuukuu la televisheni, upana wa mita 1.8, libandikwe vipande vya kioo. Injini ikae pale miale inapokutana, upande wake wa moto ukiwa umepakwa rangi nyeusi. Na upande wa baridi uzungukwe na maji yale yale yanayopandishwa. Mpango huu wa mwisho ulitupendeza sana. Maji yanayotoka shimoni hupoza injini yanapopita, kisha huenda tangini. Pampu yenyewe lazima ishushwe karibu na maji, kwa sababu pampu iliyo juu ya ukingo haiwezi kufyonza kutoka mita nane mahali palipoinuka kama Kajiado, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kinachoshuka shimoni ni fimbo ndefu, ikipanda na kushuka kama mkono wa mtwanga nafaka.

Hesabu iliyotupasa kuifanya mwanzo

Mwalimu mmoja wa fizikia, rafiki wa miaka mingi, alisoma makala yetu ya mwaka jana akatupigia simu. Hakutukemea. Alisema tu, "Sheikh, umepiga hesabu?" Tukanyamaza. Akatufundisha, nasi tunawafundisha nyinyi, kwani haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawa.

Saa sita za mchana, mbingu ikiwa safi, kila mita ya mraba hupokea karibu wati 1,000 za jua. Dishi la mita 1.8 lina eneo la mita za mraba 2 na nusu, yaani wati 2,500. Vioo hupoteza sehemu, miale mingine hukosa shabaha, na chuma cha moto huvujisha joto upeponi. Tuseme wati 1,000 zinaingia injini. Hapo ndipo penye ugumu. Kanuni ya maumbile inasema kwamba injini yenye upande wa moto wa nyuzi 300 na wa baridi wa nyuzi 30 haiwezi kamwe kugeuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 47 ya joto lake. Hicho ni kikomo cha injini kamilifu isiyopatikana duniani. Injini ya kuchomelewa kibandani, yenye hewa ya kawaida isiyoshindiliwa, ikipata asilimia 3 imejitahidi. Hizo ni wati 30. Pampu ikila nusu, zimebaki wati 15.

Wati 15 zafanya nini? Kupandisha lita 1,000 kwa mita 8 huhitaji takriban wati 22 kwa muda wa saa moja. Basi wati 15 hupandisha kama lita 680 kwa saa. Si haba kwa shimo. Lakini kisima cha mita 150 kingehitaji nguvu karibu mara 19 kwa maji yale yale, na injini ile ingetoa lita 36 tu kwa saa, chini ya mitungi miwili. Yeyote atakayewaahidi kuendesha kisima kirefu kwa mashine ya namna hii, mwulizeni hesabu kabla ya kumpa fedha.

Kisha mwalimu akauliza swali la pili: "Na paneli ya sola je?" Paneli ya wati 100 haifiki mita moja ya mraba. Ikiunganishwa na pampu ndogo ya mota, hata ikipoteza zaidi ya nusu njiani, hupandisha zaidi ya lita 1,500 kwa saa kutoka mita 8. Zamani paneli zilikuwa ghali, ndiyo maana watu walihangaika na dishi na joto. Lakini kati ya mwaka 2010 na 2020 bei zake duniani zilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Pampu iitwayo Sunflower, ya kampuni ya Futurepump inayofanya kazi Kisumu, ilianza safari yake kama mashine ya mvuke yenye dishi la jua. Wabunifu wake waliiacha mvuke, wakatia paneli na mota.

Siku ya kujaribu

Wakati hesabu hizo zinatufikia, kijana alikuwa amekwisha kununua vyuma. Jaribio la kwanza halikuzunguka hata mara moja. Pistoni ndogo ilivuja hewa, na katika injini ambayo nguvu yake yote ni msukumo wa hewa kidogo, tundu la sindano ni msiba. Akaifungua, akachonga upya pistoni kutoka chuma cha pampu kuukuu ya pikipiki. Jaribio la pili lilizunguka dakika kumi, kisha upande wa moto ukapinda kwa joto. Tulipomsimulia mwalimu, alicheka: hata injini kubwa ya ndugu wawili Stirling, iliyoendesha kiwanda cha Dundee katika miaka ya 1840, iliachwa kwa sababu chuma cha upande wa moto kiliungua mara kwa mara.

Jaribio la tatu lilikuwa siku ya Jumamosi ya mwezi wa Februari, mbingu nyeupe kwa jua. Madrasa nzima ilisimama mbali, nyuma ya kamba, kwani nukta ya miale ile huunguza mkono kufumba na kufumbua na kuitazama huumiza macho. Wazazi mtakaojaribu vioo nyumbani, lizingatieni hilo. Kijana alilisukuma gurudumu. Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kwa muda mrefu hapakutoka kitu. Kisha bomba likakohoa na maji yakaja, membamba kama kidole, yakikatika na kuunga.

Tulipima kwa saa moja kamili. Ilijaa mitungi 11, yaani lita 220, theluthi moja ya hesabu ya mwalimu. Kila baada ya robo saa kijana alilisogeza dishi kulifuata jua. Mzee mmoja wa Kimaasai, jirani wa madrasa, aliyekuwa amesimama na fimbo yake tangu asubuhi, aliuliza swali moja tu: "Na siku za mawingu?"

Hakuna aliyejibu. Kware iko katika nyanda za juu, na mwezi wa Juni hadi Agosti mbingu hujifunika siku nyingi. Dishi linataka miale inyookayo kutoka kwenye jua lenyewe. Wingu likipita, injini husimama. Paneli hutoa angalau kidogo kwa mwanga wa mawingu. Kwa siku ya Februari injini ile ingeitosheleza madrasa. Kwa siku ya Julai, watoto wangeshuka tena shimoni.

Tulimtazama yule mama. Alikuwa amemshika bintiye bega, akiyatazama maji. Hakusema neno, wala hakuhitaji kulirudia lile la mwanzo.

Uamuzi na hesabu ya amana

Usiku ule tulikaa na kamati ya madrasa baada ya Isha. Kijana alikuwepo, kichwa ameinamisha. Tulimwambia, "Mwanangu, injini yako imezunguka. Aliyekosea ni sisi, tuliyeahidi kwa niaba yako." Akanyanyua kichwa akasema jambo lililotupunguzia uzito: "Sheikh, mimi nilitaka kuonyesha inawezekana. Kama ni maji ya kila siku, hata mimi ningeweka paneli."

Basi fedha zenu zimetumika hivi. Kwanza uzio wa mawe na nyaya kuzunguka shimo lote, na lango lenye kufuli. Hilo lilikuja mbele ya pampu, kwa kuwa ndilo lililoombwa. Pili, paneli mbili za sola, pampu ndogo ya kuzamishwa majini, na tangi la lita 2,000 lililoinuliwa juu ya mnara wa mawe. Tatu, mifereji na tangi la kukinga maji ya mvua ya paa, ili watoto wapate pia maji yasiyopita shimoni. Kiasi kilichobaki kimewekwa kwa matengenezo, chini ya saini tatu.

Ama fedha zilizotumika katika vyuma vya injini, tumezirudisha kutoka mfukoni mwetu. Kamati ilituzuia, ikisema majaribio nayo ni sehemu ya kutafuta maji. Lakini nyinyi mlitoa ili maji yapande na mtoto asishuke. Hamkutoa ili sheikh ajifunze fizikia. Waqfu hufuata sharti la mtoaji, na ada ya kujifunza huilipa mwanafunzi mwenyewe.

Injini haikutupwa. Imewekwa upenuni mwa chumba cha mabati, na siku za jua kali humwagilia miche ya mwarobaini na mipapai. Wanafunzi wakubwa huifungua na kuifunga kila mwezi, nasi tumeona faida ambayo hatukuitarajia. Paneli ikiharibika, wao humwita mtu. Injini ikisimama, huitengeneza wenyewe kwa spana na stilwuli. Mtoto aliyekwisha kuona kwa macho yake hewa ikitanuka na kusinyaa haulizi tena kwa nini anasoma hesabu.

Kijana naye hajachoka. Sasa anachora injini nyingine ya jamii ile ile, iliyobuniwa na Colin West huko Harwell, Uingereza, mwaka 1969, ambayo badala ya pistoni za chuma hutumia maji yenyewe yakiyumba ndani ya mabomba yaliyopindwa kama herufi U. Haina cha kulainishwa wala cha kuvuja pembeni. Nguvu yake ni ndogo, naye analijua hilo. Safari hii ametuletea hesabu kwanza, zimeandikwa kwa wino katika daftari la kurasa 96, ndipo akataja gharama. Tumemnunulia mabomba, kwa fedha zetu.

Wasomaji wetu, sote tunajua daraja ya sadaka ya maji, na kisa cha Sayyidna Uthmani na kisima cha Ruma husimuliwa katika kila nyumba ya Kiislamu. Lakini kisima cha Ruma kilikuwa na maji yanayojulikana, na kilinunuliwa kwa bei inayojulikana. Mtu anapokuja kwenu na jambo jipya, hata akiwa ni sheikh mwenye kilemba na maneno mazuri, mwulizeni: ni lita ngapi, kutoka kina gani, kwa saa ngapi, na siku za mawingu itakuwaje? Kuuliza hivyo si uchoyo, wala hakupunguzi thawabu. Ni kuilinda amana isipotee mikononi mwa mwenye nia njema.

Tulipokwenda kuaga, binti yule aliyevunjika mkono alikuwa bombani akijaza birika kwa ajili ya Adhuhuri. Mkono umepona, ila haunyooki vizuri. Alifungua koki kwa mkono huo huo, akajaza, akafunga bila kumwaga tone, kama alivyofundishwa. Mama yake alitupa salamu tuwafikishie. Nasi tumezifikisha.

Wabillahi tawfiq.